Kuifunga Wi-Fi ya Nyumbani na ya Ofisi Ndogo Isidukuliwe: Mwongozo Kamili

Chukua nywila ya Wi-Fi inayotumika sana Dar es Salaam, Arusha au Mwanza: namba ya simu ya mwenye nyumba au ya bosi wa ofisi. Namba za simu za mkononi za Tanzania huanza na 06 au 07, kisha tarakimu nane. Jumla yake ni namba milioni 200. Kadi moja nzuri ya picha, ile inayofungwa kwenye kompyuta za michezo, hujaribu zaidi ya nywila milioni 1 za Wi-Fi kila sekunde. Gawanya mwenyewe: dakika tatu na ushee, namba zote zimeisha. Kenya, ambako namba huanza na 07 au 01, hesabu ni hiyo hiyo.

Mdukuzi hakai mlangoni kwako akiandika nywila moja baada ya nyingine. Ananasa hewani mazungumzo mafupi ambayo simu na ruta hufanya zinapotambuana, kazi ya sekunde chache kwa mtu aliyeegesha gari nje ya geti. Akishayanasa, anaondoka nayo na kuyapigia hesabu kwake, bila ruta yako kujua lolote. Kwa hiyo kuangalia nani anapitapita nje hakusaidii, na ruta kuwa ya bei kubwa hakusaidii pia, ikiwa nywila yenyewe inakisika.

Na akiingia hapati bando la bure tu. Yuko ndani ya mtandao mmoja na kompyuta ya mauzo, printa na kamera. Anaweza kuibadilisha ruta ili ukiandika anwani ya benki upelekwe kwenye ukurasa wa bandia. Akimtapeli mtu kupitia intaneti yako, anwani itakayoonekana kwa wapelelezi ni ya mteja aliyesajiliwa, yaani wewe.

Kabla ya kuanza

Tenga saa moja na nusu, wakati ambao hakuna anayeutegemea mtandao. Uwe na kompyuta mpakato yenye chaji, kebo ya mtandao ya mita 1 au 2 (Cat5e inatosha) na daftari. Kama una UPS, au ile betri ndogo ya ruta ya volti 12, chomeka ruta humo sasa hivi. Sababu utaiona kwenye kusasisha.

Geuza ruta, piga picha kibandiko cha chini. Hapo pana modeli, toleo la kifaa (huandikwa kama V1, V2 au Ver 3.0), jina la Wi-Fi ya kiwandani na nywila yake, na mara nyingi anwani ya ukurasa wa mipangilio.

Tahadhari kuhusu kitundu cha RESET. Mafundi wa mtaani hukikimbilia kwanza, na kwa ruta ya fiba huleta hasara. Mtoa huduma huwa ameweka humo jina na nywila za kuunganishwa kwenye mtandao wake, zinazoitwa PPPoE. Ukibonyeza kwa sekunde 10 zote zinafutika: Wi-Fi itarudi, taa zitawaka, lakini intaneti hakuna, na utasubiri fundi. Usiguse kitundu hicho mpaka umempigia mtoa huduma akakupa taarifa hizo, ukaziandika kwenye daftari.

Hatua ya 1: Ukurasa wa ruta na nywila yake

Watu wengi huanza na nywila ya Wi-Fi. Anza huku, maana anayeushika ukurasa wa mipangilio anaibadilisha nywila ya Wi-Fi apendavyo.

Unganisha kompyuta na ruta kwa kebo, ukitumia mojawapo ya matundu ya LAN, yaani yale ya kuunganishia vifaa vya ndani. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, tafuta mstari wa “Default Gateway”. Namba iliyo mbele yake ndiyo anwani ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ruta nyingi za laini za 4G hutumia 192.168.8.1, na za fiba 192.168.100.1. Iandike kwenye kivinjari. Ukitumia simu na ukurasa ukagoma kufunguka, zima data ya laini kwanza: simu ikiona Wi-Fi haina intaneti huhamia kwenye data kimyakimya, na anwani hiyo haifiki popote kupitia huko.

Jina na nywila za kuingilia ziko kwenye kibandiko. Ikiwa bado ni admin na admin, badilisha kabla ya jambo lingine lolote. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai ilitwaa kamera, mashine za kurekodi picha na ruta duniani kote kwa kujaribu orodha ya takriban jozi 60 tu za majina na nywila za kiwandani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilielekezwa kwa kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa.

Nywila ya ukurasa huu iwe tofauti kabisa na ya Wi-Fi. Iandike kwenye daftari linalofungiwa kabatini, au kwenye programu ya kutunza nywila. Usiiandike kwenye kibandiko cha ruta.

Ukikuta mtoa huduma amekufungia sehemu ya menyu, mpigie umwambie unachotaka kubadilisha. Akikataa, nunua ruta yako, ichomeke nyuma ya ile ya kwake, kisha zima Wi-Fi ya ile ya kwake. Watu husahau hilo la mwisho, na Wi-Fi ya zamani inabaki hewani na nywila yake ileile.

Hatua ya 2: Usimbaji na nywila ya Wi-Fi

Fungua “Wireless” au “WLAN”, kisha “Security”. Utaona orodha ya herufi: ni aina za usimbaji, yaani namna ya kuficha data inayopita hewani. WEP ilivunjwa tangu 2001, usiiguse. WPA ya 2003 imepitwa. WPA2 ilikuja 2004, WPA3 mwaka 2018. Vifaa vyako vyote vikiwa vya miaka ya karibuni, chagua WPA3. Vikiwa mchanganyiko, chagua “WPA2/WPA3” pamoja. Ruta isiyo na WPA3, weka WPA2-PSK na AES peke yake (AES na TKIP ni mbinu mbili za kusimba). Usiache “TKIP+AES”: TKIP ni dhaifu, na kifaa kinachoitumia hakivuki megabiti 54 kwa sekunde hata kama kifurushi chako ni kikubwa.

Faida ya WPA3 inarudi kwenye ile hesabu ya mwanzo. Mazungumzo yanayonaswa hewani hayampi mdukuzi kitu cha kwenda kupigia hesabu kwake; kila jaribio lazima alifanye na ruta yenyewe, nayo humchelewesha. Lakini kwenye hali ya mchanganyiko, kifaa kimoja kinachotumia WPA2 kinatosha kumpa anachotaka. Kwa hiyo nywila imara bado ni lazima.

Kama ukurasa una “PMF” au “Protected Management Frames”, weka “Capable” au “Optional”. Bila kinga hiyo, mtu yeyote anaweza kutuma ujumbe wa bandia unaozitoa simu zako kwenye Wi-Fi, ili zinaporudi anase yale mazungumzo. Ukiweka “Required”, printa ya zamani itagoma kuunganika. Hiyo si ruta kuharibika.

Sasa nywila. Fumba macho, fungua kamusi ya Kiswahili, weka kidole. Neno lililoguswa liandike. Rudia mara tano. Utapata kitu kama kikaango-nyuki-ratili-mvule-papai (hiki usikitumie, kimeshaandikwa hapa). Hesabu yake: hata ukichota kwenye maneno 5,000 tu, maneno manne kwa bahati nasibu yangeichosha ile kadi ya picha karibu miaka 20. Neno la tano linaizidisha hiyo kwa 5,000. Siri iko kwenye bahati nasibu. Ukichagua mwenyewe utaandika jina la mtoto, timu na mwaka, na nywila kama Simba2024 au Yanga1935 ni za aina ambayo wadukuzi huijaribu mapema. Kubadilisha a kuwa @ hakusaidii, programu zao zinajua mchezo huo.

Wi-Fi inakubali herufi 8 mpaka 63, kwa hiyo nafasi ipo. Ruta nyingi hutoka kiwandani na nywila ya tarakimu 8: hizo ni milioni 100 tu, chini ya dakika mbili. Kuiacha kwa sababu “inaonekana ngumu” ni kujidanganya.

Hapa pana kosa linalorudiwa kila siku. Ruta za sasa zina masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz, na kwenye ruta nyingi kila moja ina ukurasa wake. Mtu hubadilisha moja, anaridhika, nyingine inabaki na nywila ya zamani. Badilisha zote mbili. Kama una kifaa cha kusambazia mawimbi, kile chenye jina linaloishia na “_EXT”, kina ukurasa wake pia: ingia humo ubadilishe nywila yake ya kuingilia na ya Wi-Fi.

Jina la Wi-Fi lisitaje modeli ya ruta wala mahali ulipo. “Huawei_B310” humwambia mdukuzi aanzie wapi. “Ghorofa ya 3 Uhasibu” humwambia aende wapi.

Hatua ya 3: Zima WPS

WPS ni kile kitufe cha kuunganisha kifaa bila kuandika nywila. Kitufe chenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni PIN inayokuja nayo. Ina tarakimu 8, ungetegemea majaribio milioni 100. Ila ruta huikagua nusu kwa nusu: inajibu kama tarakimu nne za kwanza ni sahihi kabla ya kutazama zilizobaki. Nusu ya pili, tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki, inatokana na zile saba. Hivyo majaribio ni 10,000 kwa nusu ya kwanza na 1,000 kwa ya pili, jumla 11,000. Kazi ya saa chache. Udhaifu huu ulitangazwa Desemba 2011 na Stefan Viehböck, na ruta zenye PIN hiyo bado zimejaa nyumbani na maofisini.

Kwa PIN hiyo, maneno yako matano ya kamusi hayana maana, kwani ruta yenyewe humkabidhi mdukuzi nywila. Nenda “WPS”, zima, hifadhi. Zima ruta, iwashe, urudi kuhakikisha imebaki imezimwa, maana baadhi ya ruta huiwasha tena zikianza upya.

Hatua ya 4: Milango inayotazama nje

“Remote Management” izimwe. Hiyo humruhusu mtu aliye popote duniani kuufungua ukurasa wa ruta yako. Pengine mtoa huduma ana njia yake ya kuihudumia ruta, iitwayo TR-069. Hiyo usiifute bila kuzungumza naye.

“UPnP” izimwe pia. Inaviruhusu vifaa vya ndani vifungue njia ya walio nje kuvifikia bila kukuuliza, na kamera za bei nafuu hupenda sana kufanya hivyo. Baada ya kuizima, baadhi ya michezo ya mtandaoni inaweza kulalamika. Kwenye ofisi hakuna hoja ya kuiacha.

Kisha fungua “Port Forwarding” au “Virtual Server”, orodha ya njia zinazowaruhusu walio nje kukifikia kifaa cha ndani. Usipojua mstari fulani unafanya nini, uliza aliyefunga kamera kabla ya kuufuta, kwa sababu mara nyingi ni yeye aliyeuweka ili mwenye duka aone picha akiwa nyumbani. Mstari huo unaiweka mashine ya kurekodi hadharani kwa dunia nzima. Futa, tumia programu ya simu ya mtengenezaji, au bora zaidi VPN (njia iliyosimbwa ya kuingia mtandao wako ukiwa mbali) iliyomo kwenye ruta kama ipo. Nywila ya kiwandani ya mashine hiyo nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Mwisho wa hatua hii, angalia DNS, yaani namba ya seva inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake; akiibadilisha mdukuzi, ndipo unapopelekwa kwenye ukurasa wa bandia. Iko sehemu mbili: kwenye mipangilio ya intaneti, “WAN”, na kwenye “DHCP”, sehemu inayogawa anwani kwa vifaa vyako. Ukikuta namba usiyoijua, muulize mtoa huduma kama ni yake. Kama si yake, kuna mtu ameshaingia. Ruka hadi sehemu ya mwisho ya mwongozo huu. Ukitaka kuweka ya kwako, 9.9.9.9 ya Quad9 huzuia anwani zinazojulikana kwa utapeli, na 1.1.1.1 ya Cloudflare ni nyepesi.

Hatua ya 5: Kusasisha programu ya ruta

Tafuta “Firmware Upgrade”. Ruta ikiwa na kitufe cha kujitafutia toleo jipya, kitumie. Isipokuwa nacho, nenda tovuti ya mtengenezaji, tafuta modeli na toleo la kifaa lililo kwenye kibandiko. V2 na V3 za modeli moja zinaweza kuwa na vifaa tofauti ndani, na faili la V3 kwenye V2 linaweza kuiua ruta isiwake tena. Ruta uliyopewa na mtoa huduma, mwachie yeye kazi hii. Mpigie uulize ilisasishwa lini.

Kazi huchukua dakika 3 hadi 5, na ndiyo dakika ambazo umeme haupaswi kukatika. Ukikatika katikati, ruta inabaki na programu nusu. Fanya kwa kebo, si kwa Wi-Fi, ruta ikiwa kwenye betri. Ikishajiwasha, pitia upya hatua ya 3 na ya 4, kwani masasisho mengine hurudisha mipangilio ya kiwandani.

Ruta ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho ibadilishwe. Mianya ya usalama inayogunduliwa haitazibwa tena, hata nywila iwe imara namna gani.

Hatua ya 6: Wageni, na simu za wafanyakazi

Simu ya Android kuanzia toleo la 10 humwezesha yeyote aliyeunganishwa kuonyesha picha ya QR ya Wi-Fi. Ndani ya picha hiyo pana maandishi haya tu, bila kufichwa: WIFI:T:WPA;S:jina;P:nywila;; Mgeni mmoja uliyemwandikia nywila kwa siri anaweza kuigawa kwa mtaa mzima bila kukuuliza. Zipo pia programu za kugawana nywila za Wi-Fi, ambazo mtu huziweka ili apate intaneti ya bure, nazo zinapeleka nywila zilizo kwenye simu yake kwenye orodha yao.

Dawa ni “Guest Network”. Iwashe, ipe jina na nywila yake, na ondoa alama kwenye sehemu inayoruhusu wageni kuufikia mtandao wa ndani. Ikiwepo “AP Isolation”, iwashe, ili simu ya mgeni isiione ya mgeni mwingine. Jaribu mwenyewe: unganisha simu kwenye Wi-Fi ya wageni, kisha andika anwani ya ruta na ya printa. Zote mbili zisifunguke. Zikifunguka, kuna alama hukuiondoa.

Wanaowekwa humo si wageni peke yao. Runinga, kamera za Wi-Fi, balbu za kisasa na simu binafsi za wafanyakazi zikae humo. Mtandao mkuu ubaki kwa kompyuta za kazi na printa. Kwa ofisi yenye mashine ya mauzo au kompyuta ya wakala, kompyuta hiyo itumie kebo, na simu ya mteja isiwahi kuingia mtandao mkuu hata kwa dakika moja ya kutuma faili la kuchapishwa. Apewe barua pepe au Wi-Fi ya wageni. Menyu ya muamala unayoifungua kwa kupiga namba yenye nyota na reli hupita kwenye mtandao wa simu, si Wi-Fi. Programu za benki na za pesa ndizo zinazopita Wi-Fi.

Nywila ya mtandao mkuu ibadilishwe siku mfanyakazi anapoondoka, hata akiondoka kwa amani. Ya wageni, kila mwezi.

Ruta nayo isikae kwenye kaunta ambako mteja anaweza kusoma kibandiko au kuchomeka kebo. Ipandishe ukutani, ndani.

Mambo yanayopoteza muda

Kuficha jina la Wi-Fi hakumzuii mdukuzi: simu zako zenyewe hulitaja jina hilo zinapoitafuta. Kuruhusu vifaa kwa anwani za MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa kwenye mtandao) nako ni dhaifu, kwa sababu anwani hizo zinaonekana hewani na zinaigika kwa amri moja. Juu ya hayo, Android 10 na iOS 14 na za baada yake hutumia MAC za kubuni kwa kila Wi-Fi, kwa hiyo utajikuta unawafungia wenzako nje huku mdukuzi akipita.

Ukishuku kwamba mtu ameshaingia

Dalili za kuaminika ni chache: nywila ya ukurasa wa ruta imekataa bila wewe kuibadilisha, DNS ni ngeni, kivinjari kinaonya kuhusu cheti cha tovuti ya benki, au kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa kuna vilivyobaki baada ya kuzima vyako vyote kimoja kimoja. Intaneti kuwa taratibu peke yake si dalili. Pia ukiona Wi-Fi mbili zenye jina lako, moja haina nywila na inafungua ukurasa unaokuomba nywila ya Wi-Fi “ili ruta isasishwe”, usiandike kitu. Ruta haiombi hivyo. Kuna mtu karibu amewasha Wi-Fi ya bandia.

Chomoa waya wa intaneti kutoka kwenye ruta, yaani ule wa fiba au wa WAN; kwenye ya 4G, toa laini. Ukiwa na taarifa za PPPoE kwenye daftari, sasa ndipo kitundu cha RESET kinapotumika: pini, sekunde 10, taa zikizimika achia. Rudia hatua ya 1 hadi ya 6 kwa nywila mpya kabisa. Sasisho la programu litahitaji faili, kwa hiyo lipakue mapema kwa data ya simu. Nywila za barua pepe na benki zibadilishe kwa data ya simu hiyo hiyo, si kwa Wi-Fi, na kutoka kwenye kifaa ambacho hukishuku.

Kisha rudisha vifaa kimoja kimoja, kila kimoja baada ya kukisasisha. Kile ulichokishuku zaidi kiwe cha mwisho, na kiingie kwanza kwenye Wi-Fi ya wageni kwa siku mbili tatu, huku ukifungua ukurasa wa ruta kila jioni kuangalia kama DNS ni ile ile uliyoiandika kwenye daftari.